Walitangaza Msiba wa Pampu Iliyo Hai

Jina la gereji siliandiki. Iko hapa hapa Tanga mjini, inashughulika na mambo ya haidroliki, yaani mashine zinazosukumwa kwa presha ya oili, na ukiwa mwanamke utaitambua mara tu ukifungua mdomo: "Mama, mwite mzee aje tuzungumze." Mzee gani? Mashine ni yangu, nimeinunua kwa pesa ya kuni, na vijana wanaoifanyia kazi nawalipa mimi.

Ni mashine ya kupasulia magogo, mtumba wa Uingereza. Mivinje, mikorosho iliyozeeka, hata mwembe wenye mafundo ambao shoka linagonga na kurudi, kabari yake inapita. Wateja wangu ni waoka mikate, mama lishe, na bwana mmoja anayechoma chokaa. Basi masika yalipoisha ikaanza kuugua. Silinda ya kusukumia inajikokota, inakwenda, inasimama, inakwenda tena, na pampu inapiga mluzi mpaka majirani wanachungulia. Tukaipakia kwenye kirikuu tukaipeleka.

Mkubwa wa gereji hakuinama hata kidogo. Alisikiliza ule mluzi akiwa amesimama, simu sikioni, akaongeza oili kutoka kwenye dumu lililokuwa pembeni. Oili ya injini, jamani, namba 40! Kisha akasema pampu imekufa. Nikamuuliza mbona tenki la oili hajalifungua. Akacheka, akamgeukia mwenzake: "Huyu mama naye fundi." Akanitajia bei ya pampu mpya, inakaribia milioni, na juu yake elfu thelathini ya kuangalia. Kuangalia nini? Mimi nilichomwona akikiangalia ni simu. Nikalipa, kwa kuwa mashine ilikuwa ndani ya geti lao na geti limefungwa.

Tena kabla ya hapo, injini inanguruma, alipapasa hozi ya presha kwa kiganja kitupu akitafuta inapovuja. Oili ya presha kubwa ikichomoka kwenye tundu dogo inapenya ngozi. Kwa nje unaona alama ndogo tu, ila ndani nyama inaharibika, na mtu ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu. Unazima injini, unasukuma mkono wa valvu mbele na nyuma presha ishuke, ndipo unashika. Ukitaka kuona panapovuja, unapitisha kipande cha boksi, mkono ukiwa mbali. Na huyo ndiye aliyeniona mimi sijui kitu.

Aliyenitoa shimoni ni mzee wa mtaani kwetu Sahare, zamani fundi mitambo kwenye shamba la mkonge. Hata kabla ya kuigusa aliuliza, "Mwanangu, bila gogo inakwendaje?" Nikamwambia inajikokota hivyo hivyo. "Basi usiizike kwanza."

Akanieleza, na hapa ndipo hasira zilipozidi, kwa sababu maelezo yenyewe hayakuchukua hata muda wa kunywa kahawa. Pampu ya mashine hizi ina sehemu mbili. Silinda ikiwa haijakutana na gogo, zote mbili zinasukuma oili nyingi na mkono wa silinda unakimbia. Ikikutana na gogo, ile kubwa inaachiwa izunguke bure na ndogo inabaki kusukuma peke yake, oili kidogo, nguvu nyingi. Mashine ikikimbia vizuri ikiwa tupu halafu ikashindwa kwenye gogo, hapo chunguza valvu ya kupunguza presha, sili za silinda (zile pete za kuzuia oili isipenye), au pampu yenyewe. Ila ikijikokota hata tupu, na mluzi juu, mara nyingi pampu ina njaa: oili haiifikii kutoka kwenye tenki, au inanyonya hewa kwenye klipu iliyolegea.

Tukawasha kidogo oili ipate moto, tukazima, tukamwaga. Ikatoka chai ya maziwa. Maji! Kifuniko cha tenki cha kupumulia kilikuwa kimepasuka na mvua ilikuwa inaingia humo. Na ile oili ya injini waliyoniongezea ilizidisha balaa, kwani dawa zake za kusafishia huyashika maji yasitengane, ilhali kwenye oili ya haidroliki maji yana nafasi ya kutuama chini ukayatoa. Chujio la ndani ya tenki lilikuwa limezibwa na utelezi mtupu. Tukaliosha kwa dizeli, tukalikausha, tukaweka filta mpya na kifuniko kipya, na ndoo ya oili ya haidroliki namba 46. Injini ikawashwa taratibu, mkono wa valvu mbele, nyuma, mbele, nyuma, bila gogo, mpaka povu likaisha. Mkono wa silinda ukiwa umerudi ndani kabisa ndipo tukapima na kujaziliza. Ukipima mkono huo ukiwa nje, utajaza, halafu mkono ukirudi oili iliyozidi itamwagika chini.

Mluzi ukakoma. Marehemu mpaka leo anapasua mivinje.

Elfu thelathini zangu!

Nilitaka niishie hapo na kuwaambia msikanyage pale. Sasa roho inanisuta, maana ile hozi kweli ilikuwa imechoka, na nilirudi gerejini kwao kubaniwa mpya. Nilimkuta kijana mwingine. "Shikamoo mama." Akaniuliza mashine inafanya kazi kwa presha gani, akalinganisha na maandishi ya kwenye hozi, akakata, akabana vichwa, akapuliza hewa ndani kutoa unga wa mpira, akaziba ncha zote mbili kwa plastiki nisiingize mchanga njiani. Bei ya haki. Akauliza pia kama mkono wa silinda nauacha nje usiku, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi inatoboa kromu ya mkono huo vitundu vitundu, na vitundu hivyo ndivyo vinavyochana sili. Urudishe ndani, mama, na upanguse kwa kitambaa chenye oili. Kijana huyo nampa nyota zote, na kwa kazi ya hozi sitakwenda kwingine.

Nikawa nimeshaanza kuwasamehe wote. Mkubwa akatoka ofisini, akanitazama. "Mama, ile pampu bado hujanunua tu?"

Nendeni baada ya adhuhuri, akiwa ameenda kula. Muulizeni kijana wa hozi.