Mwaka mmoja na mashine ya kukaangia kahawa ya kilo 15: mashine poa, ila kwenye hesabu nilipigwa

Nimemaliza mwaka na hii mashine, sasa naona naweza kuisema vizuri bila hasira za mwezi wa kwanza na bila ile furaha ya kitu kipya. Ni ya dramu, yani pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, inatumia gesi, imeandikwa kilo 15. Jina la kampuni silitaji, sitaki ugomvi na mtu, na isitoshe mengi ninayosema hapa yatamkuta yeyote anayetoka kwenye mashine ndogo kwenda kubwa.

Nilikuwa na kimashine cha kilo moja. Unaweka kilo mbichi unatoa gramu 850 hivi, maana kahawa ikikaangwa inapungua, maji yanaondoka, makapi yanaondoka, ukaangaji wa kati unapoteza kama asilimia 15, na ukiisukuma mpaka iwe nyeusi inatoa mafuta inaweza kupoteza 18 hata 20. Nikijitahidi bachi nne kwa saa. Yani siku nzima nimesimama pale, miguu imevimba, napata kilo 20 na kidogo. Nilipopata mgahawa wa tatu wa kusapulai nikawa nakaanga mpaka usiku, nikasema hapana, napanua.

Muuzaji akanipigia hesabu tamu kweli. "Dada, kilo 15 mara nne kwa saa, hizo ni kilo 60, siku mbili tu kwa wiki umemaliza oda zako zote, zilizobaki unatafuta wateja." Nami nikaibeba hiyo 60 kama ilivyo, nikaiweka kwenye mpango wa biashara, nikakopa kwa hiyo 60, nikaajiri kwa hiyo 60. Hata sikuuliza swali.

Sasa ukweli wake ni huu, kilo 15 ndo dramu inachoweza kumeza, sio ambacho moto wake unaweza kukikaanga ukaridhika. Nikijaza 15 joto linaporomoka, gesi naifungua mpaka mwisho na bado buni zinajivuta tu, dakika ya 14, ya 15 ndo unasikia zinaanza kupasuka, na kahawa iliyokaa humo muda wote huo inatoka imelala, haina uchachu haina utamu, unakunywa kama maji yaliyolowekewa karatasi. Nikashuka 14, nikashuka 13, 12, nikatulia kwenye 11. Kwa 11 ule mlio wa kwanza, ile kama bisi, unakuja dakika ya 9 hivi kwenye nyuzi 196 au jirani yake, namwaga dakika ya 10 na nusu mpaka 11. Na ile mara nne kwa saa nayo ni ya kwenye makaratasi, maana ukishamwaga lazima usubiri dramu irudi kwenye joto lako la kuanzia, ukikimbilia bachi ya pili haifanani na ya kwanza na mteja atakupigia simu, kwa hiyo kiukweli ni tatu na nusu. Tatu na nusu mara 11 ni kilo 38.5 mbichi, toa asilimia 15, unabaki na 32.7.

Kutoka 60 mpaka 32 wadau! Na hapo sijatoa dakika 45 za kuipasha asubuhi na nusu saa ya kuipooza jioni, maana dramu ya moto huizimi ghafla ukaenda zako, lazima iendelee kuzunguka mpaka ipoe la sivyo inaweza kupinda. Siku nzuri napata kilo 160. Ni nyingi, silalamiki, ni mara nane ya zamani, ila mkopo niliupanga kwa karibu mara mbili ya hiyo, na benki hawanywi kahawa. Siku moja nikakata kipande cha utepe nikabandika juu ya ile 15 ya kwenye mlango, nikaandika 11 kwa maka peni. Dogo anayenisaidia alicheka sana.

Kitu kingine hakuna aliyeniambia, kuna na kiwango cha chini. Chini ya kilo 3 na nusu hivi buni hazifuniki kipimajoto, kinasoma hewa badala ya kahawa, unakaanga kama kipofu. Nina mteja wa kahawa isiyo na kafeini anachukua kilo 2 kwa wiki, halafu kuna sampuli za wauzaji wa buni zinakuja gramu mia tatu tatu, hizo naziweka wapi? Kile kimashine cha zamani nilishamwahidi mtu, ikabidi nimrudishie advansi yake na maneno yake nikayapokea. Leo hicho ndo kinanilinda, kila buni mpya naijaribu mle kwanza. Usiuze mashine yako ndogo, hata ukibanwa na hela vipi.

Mashine yenyewe lakini naipa haki yake. Dramu nene, joto halirukiruki, nikigusa gesi naona matokeo baada ya nusu dakika na nimeshaizoea. Sinia la kupoozea lina feni ya nguvu, kilo 11 zinapoa kwa dakika tatu na kitu, na hapo ndo mashine nyingi za bei rahisi zinaponyongea kahawa ya watu, maana buni zikikaa na moto zinaendelea kujikaanga zenyewe. Nikaunganisha kwenye laptopu na programu ya Artisan, ile ya bure, inanichorea mstari wa joto kila bachi bila shida. Mwanzoni nilikaanga bachi sita za buni za zamani za kutupa tu ili dramu ishike mafuta, hizo usimpe mtu hata akiomba. Mwezi wa saba ikaanza kulia kwi kwi kwi, kumbe ni beringi inataka grisi, na kitabu cha maelekezo kimeandika kila baada ya saa kadhaa, mimi sikusoma. Hilo ni langu.

Sasa bomba la moshi. Hii ndo sehemu ningeomba mtu aisome mara mbili. Waliokuja kufunga walipitisha bomba kwa kona tatu za mraba ili likwepe boriti, kazi ilionekana safi kwa macho. Wiki ya pili moshi unarudi ndani, mvuto hakuna, makapi yanabaki kwenye dramu yanaungua, kahawa inanuka moshi. Nikamwita fundi mwingine wangu wa siku zote, akasimama akaangalia juu muda mrefu kweli. "Dada, hizi kona nani kaziweka?" Nikamwambia wale wale wenye mashine. Hakusema kitu, akafungua kipande cha kwanza. Ndani kulikuwa na utando mweusi unang'aa kama lami na makapi yamenasa humo, wiki mbili tu hizo! Akachukua kidogo akakiwasha kwa kiberiti pale nje, kikaungua kama mshumaa. "Cheche moja tu ikipanda humu umekwisha." Tukang'oa, tukapandisha moja kwa moja na kona moja ya taratibu, na sasa bomba nalikagua kila mwezi, kile kikusanyio cha makapi kila siku bila kukosa.

Na majirani nao. Kilo moja jirani anakwambia harufu nzuri, kilo 160 jirani anakuja na uso mwingine. Kuna kifaa cha kuchomea moshi kabla haujatoka nje, muuzaji alisema "hicho ni cha hiari". Cha hiari kwake. Kinafanya kazi kwenye nyuzi 650 na kuendelea na kinaweza kula gesi kushinda mashine yenyewe, kwa hiyo sio kununua tu, ni kulisha kila siku. Mashine za Loring kwa mfano zimetengenezwa moto mmoja unakaanga na huo huo unachoma moshi, ndo maana watu wanazisifia kwenye gesi. Mimi sikuliwaza hilo kabla ya kusaini pango, sasa nakaanga saa ambazo majirani wako kazini huku nakitafutia hela.

Jiwe je? Kwenye kilo moja unaona kila kitu kwa macho, unachambua na mkono. Kwenye kilo 11 zinazomwagika kama mchanga huoni. Mwezi wa tatu mgahawa mmoja wakanipigia, mashine yao ya kusagia imelia paa, wakafungua wakakuta kijiwe cha ukubwa wa punje ya mahindi kati ya visu. Visu vipya nililipa mimi, mteja akaondoka hata hivyo. Kifaa cha kutenganisha mawe kilikuwa kwenye orodha ya muuzaji ukurasa wa mwisho, mimi nikakikata kupunguza gharama. Nimeshakinunua, nikikumbuka bado roho inauma.

Halafu ukishatatua kukaanga unagundua shida imehama chumba. Kilo 160 kwenye pakiti za gramu 250 ni pakiti 640. Mtu apime, ajaze, azibe, abandike lebo, sekunde 40 kwa moja akiwa fasta, hizo ni saa 7 na dakika kadhaa za mtu mmoja asiyeenda hata chooni. Mimi nilinunua mashine kubwa ya kukaangia na kwenye kupaki nilikuwa na mizani moja ya jikoni. Kwa wiki kadhaa ndoo zimejaa kahawa iliyokaangwa zimepangana kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, dogo akaanza kulalamika kichwa kila mchana, nikadhani anakwepa kazi, Mungu anisamehe. Kumbe kahawa iliyotoka tu motoni haitoi ile hewa ya kujazia soda tu, inatoa pia monoksidi ya kaboni, ile ile ya jiko la mkaa chumbani, haina harufu. Tumehamisha, tumeweka feni ya kutolea hewa na king'ora chake, kichwa hakijauma tena.

Hela ndo sitaongea sana maana inachosha. Buni unanunua kwa magunia ya kilo 60 na wengi wanataka chao kabla mzigo haujashuka, mgahawa unakulipa baada ya siku 30 wakikumbuka. Ukikua mara nane, lile pengo la katikati nalo linakua mara nane. Na bei ya buni haikusubiri wewe, mwaka 2021 mwezi wa saba sakitu, ile baridi ya kugandisha umande, ilipiga mashamba ya kahawa ya Brazil na hata waliokuwa wananunua kwingineko kabisa wakaiona bei inapanda.

Kwa hiyo mashine nyota 4, ingekuwa 4 na nusu wangeandika namba ya kweli. Huduma ya kampuni nyota 2, na hiyo moja ya ziada ni ya yule binti wa spea aliyenitumia belti bila longolongo. Ningeinunua tena? Ndio, hii hii. Ila awamu ya mwisho ningeishika mpaka waje wenyewe, wakaange bachi tano mfululizo mbele yangu kwa buni zangu, moshi utoke nje wote ndo nilipe. Mimi nilimaliza kulipa siku inapakiwa kwenye lori, ndo maana sasa hivi nikipiga wananiambia bosi yuko kwenye kikao.