Uzoefu wangu na maktaba ya miti ya 3D: nimelipa dola nikapewa mwaloni

Wacha nitoe hasira kwanza. Kuna hii maktaba ya miti ya kuweka kwa michoro ya nyumba, ile unalipia kwa kadi kila mwezi halafu inaingia ndani ya programu yako ya kuchora. Jina sitaji, wenye wanaitumia washaijua. Usilipe. Ama lipa, lakini soma hii kwanza.

Niko na mteja, mzee mmoja wa huko Karen, ploti yake iko na mugumo mkubwa, ule mti mtakatifu wa Wakikuyu, pale pale ungetaka kuweka nyumba. Siku ya kwanza akaniambia, "Kijana wangu, huo mti hauguswi, zungusha nyumba." Sawa mzee. Nikapima shina, nikapima matawi yanafika wapi, nikachora duara kwa plani na nukta katikati, tangi la choo nikalisukuma mbali na mizizi. Hadi hapo sina shida na mtu.

Shida ni ilipofika 3D. Tafuta mugumo, hakuna. Mukinduri, hakuna. Mukima, mti uko kwa kila mpaka wa shamba ukielekea Kiambu, hakuna! Mwaloni sasa, uko wa kila umri, misonobari imebeba theluji nayo imejaa tele. Acacia wako nayo moja, ile ya juu bapa ya kadi za watalii, lakini ile ya gome la manjano ya kule Naivasha hawaijui. Halafu kuna kitufe cha msimu, ukikisongesha majani yanakuwa mekundu, ukiendelea yanapukutika, baridi imeingia. Masika ya Machi mpaka Mei haiko kwa akili yao kabisa.

Nikaandikia huduma kwa wateja, kwa heshima, nikatuma na picha ya mti. Jibu likakuja, "Chagua mti unaofanana nao, mteja wako hataona tofauti," na kaemoji ka tabasamu chini. Hataona tofauti! Mzee Mkikuyu, mugumo, hataona tofauti. Mimi hiyo sentensi ndio imenifanya niandike hii, zingine ni nyongeza.

Na kwa sababu mzee alikuwa anakuja kesho yake nikachukua mwaloni. Kuunyoosha ufikie upana wa mugumo, kila kitu kinakua pamoja, shina likanenepa, majani yakawa kama masinia ya harusi. Tena mti mmoja wenye majani ya kweli uko na poligoni (vile vipande vidogo vinavyounda umbo la 3D) nyingi kuliko nyumba yote pamoja na fanicha, laptopu ikaganda, so kwa video programu yenyewe ikaubadilisha na picha bapa, zile zinageuka kufuata kamera. Kwa picha ya kusimama hujui. Sasa tembea.

Mzee akaketi na binti yake. Tukaingia getini, tukazunguka veranda, na mti unageuka na sisi, kila upande tawi ni lile lile, kushoto. Binti akaanza kucheka. Mzee hakucheka. "Kwani huu mti unatufuata? Na mugumo wangu uko wapi?" Nikajaribu kueleza mambo ya maktaba, akanikata, "Hata barabara ya Expressway hapa Nairobi iliacha ule mugumo wa Waiyaki Way, rais mwenyewe alisema usikatwe, 2020 hiyo. Wewe umekata wangu na kompyuta."

Sasa nisiseme uongo, jakaranda yao ni noma. Niliiweka kwa apatimenti fulani za Kileleshwa, ile zambarau, jua likipenya kwa maua, mengine yamemwagika kwa tarmaki, aki nilinyamaza tu nikaangalia, na mteja akapitisha mchoro hapo hapo. Nikasema labda nimewaonea hawa watu. Halafu nikavuta karibu: maua tele na majani tele, yote pamoja. Mtu ametembea hii Nairobi mwezi wa kumi anajua jakaranda ikishika maua majani mengi yamekwisha kwenda. Nyota nilikuwa nimewapa tatu, saa hii nikikumbuka kale kaemoji ni moja. Jakaranda peke yake nne, basi.

Ya mzee nilirudi ploti na simu, nikauzunguka mugumo nikipiga picha kila upande, kuna programu ya bure inaziunganisha inakutolea mti wa 3D. Majani yameshikana shikana vibaya lakini shina ni lake, hata alama ya kamba ya bembea imeonekana. Nikawatumia wale wa huduma kwa wateja waone. Wamenijibu na fomu ya kupendekeza mti mpya, na pale kwa aina ya mti huandiki, unachagua kwa orodha. Mugumo hauko.