Tahadhari: “DAC” za biti 32 zinazouzwa mtandaoni na kutumwa mikoani kwa basi

Ninaandika tahadhari hii kwa yeyote anayesikiliza muziki kwa hedifoni kwenye kompyuta, na ambaye amejiwekea akiba ya shilingi 80,000 au laki moja ili aboreshe sauti. Kwenye kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp vinauzwa vifaa vidogo vya USB vyenye kasha la alumini, vinavyotangazwa kuwa ni DAC, yaani vifaa vya kugeuza sauti ya kidijitali kuwa mawimbi ya umeme, vyenye chipu ya ESS Sabre (jina la chipu za DAC), biti 32 (ukubwa wa kila sampuli ya sauti) na kHz 384 (maelfu ya sampuli kwa sekunde). Nilichouziwa mimi kwa shilingi 95,000 ni kadi ya sauti ya biti 16, ya aina ileile niliyoikuta baadaye dukani hapa Mwanza kwa shilingi 10,000, ila yangu ilikuwa imevalishwa kasha zuri.

Haja yangu ilikuwa ya kweli. Kompyuta mpakato yangu ina kelele nyembamba kwenye tundu la hedifoni, na kelele hiyo hubadilika kila ninapotembeza kipanya au kufungua ukurasa mpya, kwa sababu saketi ya sauti imekaa jirani na prosesa kwenye bodi moja. Kuitoa sauti nje ya bodi hiyo kwa njia ya USB ni dawa inayokubalika, na wauzaji hawa wanalijua hilo vizuri.

Nilipomwandikia muuzaji alijibu upesi na kwa adabu: “Kaka, hii ni orijino kabisa, ukiona feki unairudisha na hela yako unapata.” Nikaomba Lipa Namba. Akasema leo ina tatizo, nitume kwenye namba ya kawaida. Nilipoanza kutuma, jina lililotokea kwenye simu halikufanana na jina la duka, naye akaniambia kuwa ni la mhasibu wao. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, na ninamwomba msomaji asimame hapohapo yakimtokea kama hayo, hata kama muuzaji ana wafuasi elfu ishirini. Mzigo nilikwenda kuuchukua stendi ya Nyegezi kesho yake, umezungushiwa gundi ya karatasi na jina langu limeandikwa kwa kalamu nene. Ulikuwa mzito mkononi, na uzito huo ulinipa imani.

Jambo linalofanya watu wengi wasigundue ni kwamba kifaa hiki hufanya kazi. Ile kelele ya kipanya ilipotea mara moja, maana hata kadi duni kabisa, mradi iko nje ya bodi, inaweza kuiondoa. Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu nilisikiliza taarabu ya zamani, mahali ambapo udi unabaki peke yake kabla ya mwimbaji kuingia, nikasikia mvumo laini usiokatika nyuma ya nyuzi, kama bomba lililoachwa wazi kidogo chumba cha pili. Mvumo huo haukupungua nilipopunguza sauti. Wimbo huohuo kwenye simu yangu, kwa hedifoni zilezile, ulikuwa safi.

Nikaanza kukagua. Kwenye Windows, katika mipangilio ya sauti, kila kifaa kina orodha ya viwango kinavyovikubali. Changu kilionyesha biti 16 kwa kHz 44.1 na 48, basi. Muuzaji akasema sijaweka draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu Windows 10 tangu matoleo ya mwaka 2017 inavitambua vifaa vya USB vya sauti ya kiwango cha juu bila draiva ya ziada. Hata hivyo sikutaka kumdhulumu, kwa hiyo nilikipeleka kwa jirani yangu anayetumia Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, ambao hauhitaji draiva ya muuzaji yeyote kwa kazi hii, na majibu yakawa yaleyale.

Tuliangalia pia namba ya utambulisho ambayo kila kifaa cha USB huipa kompyuta. Ilianza na 0D8C, ambayo ni ya C-Media ya Taiwan, kampuni halali inayotengeneza chipu za kadi za sauti za bei nafuu, na ambayo haina hatia yoyote katika habari hii. Lakini ninamsihi msomaji asihukumu kwa namba hiyo peke yake, kwa kuwa DAC ya kweli yaweza kuwa na chipu moja ya kupokea USB na nyingine ya kugeuza sauti, na kompyuta huona ile ya kwanza tu. Isitoshe, jina na namba huweza kughushiwa.

Kisichoghushika kirahisi ni hesabu. Sampuli 384,000 kwa sekunde, kila moja biti 32, kwa njia mbili za kushoto na kulia, ni biti 24,576,000 kwa sekunde. Amri ya lsusb -t kwenye Linux ilionyesha kuwa kifaa changu kimeunganishwa kwa kasi ya megabiti 12 kwa sekunde. Mfereji wa 12 haupitishi 24. Kifaa chenye uwezo ulioandikwa kwenye kasha lile kingelazimika kutumia kasi ya USB ya megabiti 480.

Mwishowe nilifungua kasha. Ndani kulikuwa na bodi ndogo yenye chipu moja tu, maandishi yake yamekwanguliwa, na pembeni kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi nyeupe. Chuma kile hakikuunganishwa na kitu chochote. Kiliwekwa ili mnunuzi akipima kwa mkono aridhike. Nilimtumia muuzaji picha zote, akazisoma, akanifungia mawasiliano. Baada ya wiki moja nilionyeshwa na rafiki ukurasa wenye jina jingine, picha zilezile, na bei imepanda hadi 110,000.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji video fupi ya kifaa chenyewe kikiwa kimechomekwa kwenye kompyuta, orodha ya viwango ikiwa wazi kwenye skrini. Muuzaji mkweli humaliza kazi hiyo kwa dakika mbili. Gusa pia sehemu ya Instagram inayoeleza habari za akaunti, maana kwa kurasa nyingi huonyesha ulifunguliwa lini na kama umewahi kubadilisha jina. Kama una ndugu Dar es Salaam, mtume dukani Kariakoo akalipe mkononi na adai risiti ya EFD. Duka lisiloweza kumwonyesha ndugu yako mlango halipo.

Na pengine huhitaji kutumia fedha nyingi hivyo. Chomoa kwanza chaja ya kompyuta usikie kama kelele inakoma, kwa kuwa mara nyingi chanzo huwa ni umeme wa chaja. Kama bado ipo, adapta ndogo ya Apple ya USB-C, inayouzwa dola 9 Marekani, inatoa sauti safi ya biti 24 na kHz 48, ambayo inazidi kiwango cha CD. Namba A2049 ndiyo yenye nguvu kamili. A2155, iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, ina sauti ya chini zaidi. Adapta hii inatosha kwa hedifoni nyingi za ohm 32 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ingawa kwa hedifoni zinazohitaji nguvu zaidi kama Beyerdynamic DT 990 Pro ya ohm 250 utahitaji amplifaya. Adapta hiyo nayo ina feki zake, kwa hiyo ikague kwa njia hizohizo.

Namba ya simu iliyopokea fedha zangu nimeituma kwenda 15040, namba ileile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ambayo wengi tunaijua kwa sababu ya zile jumbe za “ile hela tuma kwenye namba hii”, na malalamiko kuhusu bidhaa yenyewe ninayapeleka Tume ya Ushindani. Bodi, kipande cha chuma na ujumbe wa muamala nimevihifadhi. Mwenye kifaa cha namna hii akikague leo na ahifadhi mazungumzo yake yote kabla hajamwandikia muuzaji, kwa sababu mimi nilipomwandikia tu, maelezo ya bidhaa yalifutwa kwenye ukurasa ndani ya saa moja.