Filamu za dansi Saturday Night Fever na Staying Alive: uanze na ipi?

Kwa hadithi, Saturday Night Fever, ile ya 1977, iko mbele sana. Tony Manero anauza rangi dukani Brooklyn, baba yake hana kazi, kaka yake anaacha upadri. Akiingia disko Jumamosi unaelewa kwa nini dansi ndiyo pumzi yake. John Travolta aliteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji huo, na alistahili.

Muendelezo wake wa 1983, Staying Alive, ulioongozwa na Sylvester Stallone, unamhamishia Tony Manhattan kusaka nafasi Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York. Hapo ndipo panaponiuma: familia imebaki mama tu, na mtaa wake unaonekana kidogo tu. Misuli na moshi wa jukwaani vimechukua nafasi yao.

Muziki? Kundi la Bee Gees limo katika zote mbili, ila wa kwanza ndio unaodumu.

Lakini kama wewe mwenyewe ni mcheza dansi, muendelezo una usaili, mazoezi na jasho kwa wingi kuliko ya kwanza, na mwigizaji Cynthia Rhodes anacheza vizuri mno. Tena ni dakika 96 tu. Ukiwa na watoto sebuleni, ya kwanza iache: ina matusi mazito na ubakaji.