CBI ya Uholanzi kwa muuza avokado wa Nairobi: inakufikisha wapi?

Serikali ya Uholanzi ilianzisha kituo cha CBI mwaka 1971 ili makampuni ya nchi zinazoendelea yapate kuuza Ulaya. Kwa kampuni ndogo ya Nairobi iliyo na mzigo lakini haina mnunuzi, hakuna huduma ya bure iliyo bora zaidi ya kuanzia. Tatizo ni kwamba wengi huiendea wakitafuta jina na simu ya mnunuzi, wakikosa wanaondoka bila kuchukua kile ilichonacho.

Ilichonacho ni taarifa za soko zilizopangwa kwa bidhaa: matunda, kahawa, viungo, nguo, utalii, hata huduma za kompyuta. Anza na ukurasa wa masharti ya kuingia sokoni, ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Bei zisome mwisho, tena kwa tahadhari, maana bei ya matunda hubadilika kila wiki na ripoti haiwezi kuikimbiza.

Chukua avokado ya aina ya Hass. Kiwango cha UNECE (tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya) kinachofuatwa Ulaya kinataka sehemu kavu ya tunda isipungue asilimia 21, ilhali Kenya inadai 24. Anayesoma masharti ya Ulaya peke yake atavuna mapema, na mzigo utakwama hapa hapa nyumbani. Kipimo chenyewe ni rahisi: menya, toa kokwa, kwaruza nyama ya tunda, pima gramu 10, kausha kwenye maikrowevu kidogo kidogo hadi uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 2.4, umefika asilimia 24. Ukiharakisha kwa moto mkali nyama huungua na hesabu inaharibika. Pima matunda kadhaa kutoka pande tofauti za shamba. Tunda moja zuri lililochaguliwa kwa macho halisemi lolote kuhusu mengine.

Kwenye mabaki ya dawa, CBI inaeleza kanuni vizuri: dawa isiyo na kikomo chake maalumu hupimwa kwa kikomo cha jumla cha miligramu 0.01 kwa kilo. Hata hivyo usiishie hapo. Fungua hifadhidata ya viuatilifu ya Umoja wa Ulaya na utafute kila dawa iliyo stoo, kabla ya kupulizia, si siku ya kupakia. Chlorpyrifos, dawa ya wadudu, kwa mfano, ilinyimwa kibali upya Ulaya mwaka 2020, na mkulima mmoja aliyeitumia anatosha kuharibu mzigo wa kikundi kizima.

Karatasi zenyewe zina utaratibu unaoeleweka. Cheti cha afya ya mimea hutoka KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea. Mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, ulianza kutumika 1 Julai 2024. Ili kunufaika nao unahitaji cheti cha asili cha EUR.1 kutoka KRA (mamlaka ya mapato), au tamko kwenye ankara kama mzigo hauzidi euro 6,000. Cheti cha kilimo bora cha GLOBALG.A.P. ni cha mwaka mmoja, kwa hiyo hakikisha hakiishi meli ikiwa baharini.

Usiitegemee CBI kukulinda kwenye malipo, na hapa ndipo Wakenya wengi huumia. Kontena la futi 40 lenye ubaridi hubeba kama katoni 5,280 za kilo 4. Ukiuza kwa mali kauli, mwagizaji anauza kwanza, anakata nauli ya meli, ushuru wa ghala, upangaji upya na kamisheni yake, ndipo anatuma kilichobaki. Mzigo ukifika soko limejaa avokado za Peru, katikati ya mwaka, unaweza kubaki na deni. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimekuwa zikikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Afrika Kusini, na kila siku ya ziada njiani inalainisha tunda. Dai bei ya chini iliyohakikishwa kwa maandishi, muda wa mwisho wa kulalamika baada ya kontena kufunguliwa, na mkaguzi huru atakayelipwa na upande unaojulikana tangu mwanzo. Mnunuzi akikataa yote matatu, mwache.

Mafunzo ya muda mrefu ya CBI ni mazuri, ila hufunguliwa kwa miradi, nchi na sekta maalumu. Anayetaka fedha atazame mpango wa develoPPP wa Ujerumani, akijua kampuni lazima ichangie angalau nusu ya gharama. Anayetaka fundi mzoefu wa kukaa naye kiwandani, mashirika ya PUM ya Uholanzi na SES ya Ujerumani hutuma wataalamu wa kujitolea.

Ukishasoma, andikia waagizaji kumi, si mia. Taja aina ya tunda, saizi, yaani idadi ya matunda kwa katoni (14, 16, 18 na kuendelea), katoni ngapi kwa wiki, wiki ya kwanza na ya mwisho ya mavuno, na asilimia ya sehemu kavu uliyopima. Ambatisha cheti cha GLOBALG.A.P. na matokeo ya maabara ya karibuni. Picha za shamba zisubiri barua ya pili.