Seti ya ngoma nne: ngoma nazipenda, breketi na watu wake sitaki kuwasikia

Naanza na hasira kabisa maana nikianza na sifa mtaenda kununua kabla sijamaliza. Tomu ya juu (ngoma ile inayoshikwa na breketi) imeniangukia kwenye snea, ngoma iliyo mbele yangu, katikati ya wimbo, watu wanaangalia, na nilipowaandikia waliotengeneza seti wakanijibu kwamba tatizo ni mimi, eti napiga kwa nguvu sana. Ngoma. Napiga ngoma kwa nguvu. Isome tena hiyo halafu tuendelee.

Jina la kampuni silitaji, sitaki usumbufu, mnaoijua mtajua.

Kwa ambaye hajui, seti ya ngoma nne ni kiki (ile kubwa ya kupiga kwa pedali), snea (ile ya sauti kali katikati ya magoti), tomu moja juu ya kiki na floo tomu moja chini, pembeni, basi. Matoazi hayahesabiwi, haiheti (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) haihesabiwi, stendi na pedali hazihesabiwi, zinahesabiwa ngoma tu. Shikeni hilo vizuri kwa sababu kuna mtu analipwa mshahara kujibu wateja na hilo halijui, nitamfikia.

Mimi ni mtu wa ngoma nne toka zamani na sijawahi kujificha. Seti kubwa nimezikalia, zile za tomu mbili juu ya kiki na nyingine pembeni, na kila nikikaa jambo ni lilelile: tomu ya pili imekaa pale pale ambapo raidi, lile toazi kubwa la kupigia mdundo, ilitakiwa ikae, kwa hiyo raidi inasukumwa kule mbali, unanyoosha mkono wimbo mzima na kufika wimbo wa mwisho bega halitaki kukusikia. Ondoa hiyo tomu moja uone. Panabaki nafasi, raidi inashuka, inakuja karibu, mkono unatulia unapiga kama umekaa kwako. Na tomu iliyobaki unaweza kuisogeza kidogo kushoto, ikae chini, karibu ilale bapa, maana haigombanii nafasi na mtu. Halafu filu zako, yale mapigo ya kujaza nafasi kati ya mistari, zinabadilika zenyewe. Huna ngazi ya tomu nne za kuteremka, una snea, una tomu, una floo, kwa hiyo inabidi uwe na la kusema. Wanaoteremka ngazi kila baada ya mistari minne mnajijua.

Sasa hii seti ilipofika, jamani. Kiki ya inchi 22, tomu ya 12, floo ya 16, snea ya 14, vipimo vya kawaida tu. Ngozi zilizokuja nazo nilizitoa siku hiyo hiyo nikaweka za kupakwa nyeupe, safu moja, chini na juu, nikaanza kutyuni, yaani kupanga sauti za ngoma, nikitegemea mapambano kama kawaida. Hakuna mapambano. Unakaza skrubu kwa kuzungukia za pande zinazotazamana, unagonga kila ukingo, zinakubaliana haraka haraka. Floo tomu ukiipiga inaongea na inaendelea kuongea, nikanyamaza tu naisikiliza. Kati ya tomu ya 12 na floo ya 16 kuna pengo kubwa la sauti na watu wengine linawasumbua, mimi ndilo ninalolitaka, ukitoka juu kwenda chini kila mtu anajua umetoka wapi umefika wapi. Wiki hizo za mwanzo nilikuwa naipigia debe hii seti kwa kila mtu, mpaka jamaa yetu wa besi akasema nimeoa.

Halafu ikaja ile shoo.

Niwaelezee breketi ilivyo maana ndiyo mwizi mwenyewe. Juu ya kiki kuna nguzo, kwenye nguzo kuna mkono wa chuma uliopinda, na mkono unashika tomu. Kila ungio linabanwa na skrubu moja, zile zenye masikio mawili unazokaza kwa vidole. Sasa ngoma inayopigwa inasukumwa chini, na kiki yenyewe inatikisika kila ukikanyaga pedali, kwa hiyo kila kitu kilichokaa juu yake kinataka kulegea, hilo si siri, ndiyo maana seti nyingi huja na ile pete ya chuma unayoifunga kwenye mkono karibu na breketi, ikishakaa kwenye nafasi yake mkono hauwezi kuteleza wala kuzunguka. Hii yangu haikuja nayo. Hiyo ningevumilia. Lakini chuma cha breketi ni kile laini cha kumiminwa, na skrubu inayoingia mle ni ngumu, kwa hiyo kila ukikaza inakula njia za breketi kidogo kidogo, mpaka siku ukikaza inazunguka tu, haibani chochote.

Siku hiyo ikawa ndiyo siku. Wimbo wa pili au wa tatu hivi nikaona tomu inainama, nikairudisha kwa mkono wa kushoto kwenye nafasi ya pumzi nikakaza. Ikainama tena. Nikairudisha. Kwenye kiitikio nikaingia na filu kwa nguvu zote, na pale ambapo tomu inatakiwa iwepo hapakuwa na tomu, fimbo ikapita hewani ikagonga ukingo, ukingo wa tomu umeshatua juu ya ngozi ya snea. Snea imekufa, inatoa sauti ya boksi. Mwimbaji akageuka akaniangalia kama nimemtukana. Nikamaliza wimbo tomu imelala kwenye snea kama mlevi begani kwa mwenzake, mimi napiga haiheti na kiki na sehemu ndogo ya snea iliyobaki wazi.

Na hapa ndipo uchungu wa ngoma nne ulipo, mwenye ngoma saba ikianguka moja anahamia nyingine na watu hawajui. Sisi tomu ya juu ni moja. Ikiondoka hiyo umebaki na ngoma tatu, na ya tatu yenyewe imelaliwa. Ukitengeneza seti ya ngoma nne una breketi MOJA ya kutengeneza vizuri. Moja! Hamna ya pili. Mnashindwaje?

Nikawaandikia. Kwa adabu, naapa, na picha nikaweka. Ujumbe wa kwanza kurudi: "Ndugu mteja, inaonekana unapiga kwa nguvu kuliko matumizi ya kawaida." Nikauliza matumizi ya kawaida ya ngoma ni yapi. Kimya, siku zikapita. Nikauliza tena. Akaja mwingine, huyu ndiye niliyewaambia mumsubiri. Akasema ameangalia picha zangu kwa makini na ameona kwamba seti niliyonunua ni ya ngoma nne lakini kwenye picha anahesabu vitu saba, kwa hiyo nimeongeza vifaa visivyo vya kwao na waranti haifanyi kazi tena.

Nikarudi kuangalia picha yangu mwenyewe. Kiki, snea, tomu, floo. Haiheti, kreshi (toazi la kishindo), raidi. Saba.

Amehesabu matoazi. Mtu anafanya kazi kwenye kampuni ya kutengeneza dramu na amehesabu matoazi. Nilicheka kwanza, kiukweli nilicheka, halafu kicheko kikaisha nikaanza kuandika jibu refu ambalo rafiki yangu alininyang'anya simu nisilitume. Nilituma fupi. Nikamwambia dada, au kaka, samahani sijui, matoazi yanakaa kwenye stendi zake hayagusi breketi yenu hata kidogo, na seti yenu mmeiuza bila matoazi sasa mlitaka nipige na nini. Akanijibu, na hili silisahau, kwamba seti hii kimsingi imekusudiwa wanaojifunza, na kama nafanya shoo ananishauri nichukue yao ya ngoma tano au zaidi.

Wanaojifunza!

Tarehe 9 Februari 1964 Ringo Starr wa Beatles alikaa kwenye Ed Sullivan Show, kipindi cha televisheni, mbele ya Marekani nzima na seti ya Ludwig ya ngoma nne, kiki ya inchi 20 tu, tomu moja juu moja chini, na baada ya hapo kila kijana alikuwa anataka Ludwig. Charlie Watts wa Rolling Stones alizunguka dunia na seti yake ya zamani ya Gretsch ya 1957, viwanja vya mpira vimejaa mpaka juu, ngoma nne. Wale wa jazi ndio usiseme, Tony Williams na Gretsch yake yenye kiki ya inchi 18, tomu 12, floo 14, seti unayoweza kuibeba kwenye gari dogo, na mpaka leo watu wanahangaika kuelewa mikono ile ilikuwa inafanya nini. Mpangilio wenyewe huu wa tomu moja juu ya kiki na floo pembeni unarudi mpaka kwa wapiga ngoma wa jazi akina Gene Krupa miaka ya 1930. Lakini ni ya wanaojifunza. Wote hao walikuwa wanajifunza. Sawa.

Breketi mpya hawajaleta mpaka naandika hii na nimeacha kuomba.

Nilichofanya, na hii itasaidia mwenye shida kama yangu: nimeichomoa nguzo yote juu ya kiki nikaziba tundu, na tomu nimeiweka kwenye stendi ya snea. Stendi ya kawaida kabisa, vidole vyake vitatu vinashika tomu ya 12 bila shida, ila cheki yako kwanza kwani nyingine hazifungi mpaka hapo. Usiibane sana, acha itulie tu ndani ya vidole, ukiibana ukingo wa chini unaua sauti yake inakuwa fupi. Wengine wanaitundika kwenye stendi ya toazi kwa klempu, nayo inafanya kazi, ila hakikisha mguu mmoja wa stendi umeelekea upande tomu iliko, la sivyo vyote viwili vinakwenda chini na utanikumbuka. Na ukitaka kubadilisha breketi yenyewe pima unene wa mkono wako kabla hujaagiza, kuna za milimita 9.5, kuna 10.5, kuna 12.7, haziingiliani.

Na hapa ndipo wananichanganya hawa watu, maana tangu nimeitoa nguzo ile juu ya kiki, kiki imefunguka. Haina mzigo mgongoni, inatoa sauti nzito, ndefu, safi, na tomu nayo haitetemeki tena kila nikikanyaga. Seti imekuwa nzuri kuliko nilivyoinunua. Yaani kitu kibovu walichoweka wao ndicho kilikuwa kinakizuia kitu kizuri walichotengeneza wao wenyewe. Sasa mtu anayejua kutengeneza ganda la ngoma namna ile, ukingo umekatwa vizuri ngozi inakaa yenyewe, anaamkaje asubuhi anaweka breketi ile? Au ni watu wawili tofauti hawaongei?

Nilipoanza kuandika nilipanga kusema msinunue. Nilikuwa nimeshaandika kabisa nyota moja. Sasa nikiiangalia pale kwenye kona siwezi kusema hivyo na moyo safi, kwa sauti hakuna seti niliyokalia karibuni inayoikaribia, hata yule mwenzangu mwenye ngoma saba alikuja akaipiga akanyamaza kidogo akauliza ni ngozi gani. Basi nunueni. Hapana, subiri, nikikumbuka "vitu saba" damu inapanda upya, msinunue, au nunueni mtumbukize breketi kwenye pipa la taka siku ya kwanza na mkipata tatizo msiwaandikie, mtajiongezea presha bure. Kama unaanza na huna stendi ya ziada ya snea, achana nayo kabisa, utaichukia dramu kabla hujaipenda, na ni hao hao wanaosema ni ya wanaoanza. Anayejua kukaza na kufungua vitu vyake achukue.

Nyota tatu. Nne za ngoma, moja nimeikata kwa ajili ya yule wa kuhesabu, na ningekata zaidi ila floo tomu haina kosa lolote.

Halafu nimeona wametoa nyingine ya ngoma nne, kiki ya 20, na kwenye picha kiki haina tundu juu. Naiangalia tu. Nikiinunua msiniulize.