Kikwangulio cha ulimi: chukua cha chuma

Kwenye maduka ya dawa hapa Arusha ukiulizia kikwangulio cha ulimi, utaletewa cha plastiki au cha chuma cha pua. Chukua cha chuma. Kingo za plastiki hulika, zikaanza kuchubua, na uchafu hujificha kwenye vijino vyake. Cha chuma unakichemsha, basi.

Kinasaidia kupunguza harufu mbaya ya kinywa kwa sababu sehemu kubwa ya harufu hiyo hutoka nyuma ya ulimi, ambako bakteria huvunja mabaki ya protini na kutoa gesi za salfa. Mswaki huko haukwangui vizuri. Toa ulimi nje, pumua polepole usije ukatapika, kiweke nyuma kadiri unavyovumilia, kisha vuta kuja mbele mara 3 hadi 5, ukikisuuza kila ukivuta. Ule utando wa manjano unaobaki kwenye chuma ndio wenyewe. Ukiona damu, umekandamiza mno.

Hakiondoi ukoga uliogandia wala hakitibu fizi zinazovuja damu. Hiyo ni kazi ya daktari wa meno. Na yale madoa ya kahawia kwenye meno yatokanayo na floraidi ya maji ya huku Meru hayanuki, usiyasugue bure.